Saa za Maji Paje

Mgeni anayeshuka Paje, awe ametoka Dar es Salaam, Nairobi au Milano, hukaribishwa kwa "pole pole" kabla hajatua begi. Tangu bandarini ameambiwa kwamba Zanzibar hakuna haraka, na siku za mwanzo zinampa ushahidi: fundi aliyeahidi kuja asubuhi anatokea baada ya adhuhuri, na samaki aliyeagizwa anachukua saa nzima. Wapo wanaokasirika na wapo wanaoipenda hali hiyo, lakini wengi huondoka wakiamini kuwa watu wa huku hawajali wakati. Mimi siafiki. Wenyeji wa pwani hii ya mashariki ya Unguja wanaishi kwa ratiba kali kuliko ya ofisi nyingi, na mwenye kuipanga ni bahari.

Maji ya Paje yakikupwa hukimbia mbali, mchanga ukabaki wazi kuelekea mwambani. Hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kazi ya saa tatu leo, kesho inakaribia saa nne, kesho kutwa inaielekea saa tano. Mwezi ukiandama, na tena ukitimia, huja bamvu, maji yakajaa sana na kukupwa sana. Kati ya bamvu na bamvu ni maji mafu, bahari haitoki vya kutosha.

Ratiba hiyo ndiyo inayoendesha kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara hapa na Jambiani mwaka 1989 na ambacho kimekuwa zaidi kazi ya wanawake. Siku za bamvu wanateremka pwani maji yakiwa bado yanatoka. Wana saa chache tu za kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi, kung'oa magugu, na kuvuna mwani uliokomaa baada ya wiki sita hivi, kisha kuubeba ungali unatiririka maji. Atakayechelewa atakuta maji kifuani, na kazi italala. Akilikosa bamvu zima, linalofuata liko mbele kwa wiki mbili. Siku za maji mafu mama huyohuyo utamkuta kivulini anasuka ukili, au amekwenda kumtazama mgonjwa. Mgeni akipita saa hiyo anaona mtu asiye na shughuli.

Makumbi ya nazi nayo hufukiwa ufukweni miezi kadhaa hadi yalainike, ndipo yapigwe yatoe usumba wa kusokota kamba. Hakuna anayeweza kuyahimiza.

Kwenye nchi kavu saa ni adhana. Ukiambiwa "baada ya alasiri", umepewa miadi kamili: watu wameshaswali, wameshasalimiana nje ya msikiti, na magharibi bado haijaingia. Dakika hazimo humo, na anayezitafuta atajichosha. Inshallah inayofuata wageni huichukulia kama kukwepa. Suratul Kahf inamkataza Mwislamu kusema atafanya jambo kesho bila kulifunga na mapenzi ya Mungu. Kwa hiyo aliyeitamka ameahidi kwa uzito wote, huku akikiri kwamba kesho haimo mkononi mwake. Na kwa kweli haimo. Mtu akifariki asubuhi, alasiri huenda keshazikwa, na yule fundi unayemngoja yuko mazikoni na wanaume wenzake. Kijiji ambacho fundi angeacha maziko aje kutengeneza bomba la mgeni, mimi nisingekitamani.

Ubabaishaji upo pia, kama ulivyo kila mahali, na dereva anayemkosesha abiria boti ya Dar es Salaam hana cha kusingizia bahari. Lakini tunazungumza sana juu ya mgeni kuzoea wakati wa Paje, tukimsahau mwenyeji anayezoea wakati wa mgeni. Utalii umeleta hoteli, nazo zinataka mtu afike saa moja asubuhi kila siku, bamvu au maji mafu, pamoja na mwezi wa Ramadhani ambapo ameamka kula daku usiku mkubwa. Mwanamke mwenye shamba la mwani na kibarua cha hoteli anashika saa mbili zisizopatana, na mara nyingi inayoshindwa ni ya bahari, kwa kuwa mwani bei yake ni ndogo na mshahara, hata ukiwa mdogo, una tarehe.

Hoteli nyingi za ufukweni huwabandikia wageni jedwali la maji, wajue saa za kuogelea. Natamani jedwali hilohilo litumike kupanga zamu, ili mama huyu aachiwe asubuhi zake za bamvu, na siku za maji mafu azitoe kwa hoteli.