Cheti, Chai na Ajira: Masomo Yanavyopanga Kazi Meru na Embu

Kwa vizazi kadhaa, familia nyingi za miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya zimeuza majani ya chai, kahawa, maziwa na miraa ili kulipa karo, zikiamini kwamba kila darasa analolivuka mtoto humsogeza karibu na kazi yenye mshahara. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa kiwango cha masomo huamua kwa kiasi kikubwa ni kazi zipi mtu anaruhusiwa hata kuziomba. Hata hivyo, kuruhusiwa kuomba kazi si sawa na kuipata, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayowaumiza vijana wengi wa Meru na Embu.

Wataalamu hueleza thamani ya masomo kwa njia mbili. Ya kwanza ni nadharia ya mtaji-watu, iliyoendelezwa na wanauchumi wa Marekani Theodore Schultz na Gary Becker, inayosema kwamba maarifa na ujuzi ni mali iliyomo ndani ya mtu, na kwamba mwenye mali hiyo huzalisha zaidi na kwa hiyo hulipwa zaidi. Ya pili ilitolewa na Michael Spence mwaka 1973, aliyeonyesha kwamba cheti hutumika pia kama ishara, kwani mwajiri asiyeweza kuupima uwezo wa kila mwombaji hukitazama cheti ili kuwapunguza waombaji. Ronald Dore, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kilichoitumia Kenya kuwa mojawapo ya mifano yake, alionya kwamba ishara hiyo hupungua nguvu kadiri wenye vyeti wanavyoongezeka: kazi iliyotosheka na cheti kidogo huanza kudai kikubwa zaidi.

Mfano wa onyo hilo haupatikani mbali. Vyuo vya ualimu vya Meru, Egoji na Kigari vilijulikana kwa kuwaandaa walimu wa shule za msingi kwa cheti cha P1, na mwenye cheti hicho alitambulika kuwa mwalimu kamili. Tangu mwaka 2021, vyuo vya aina hiyo nchini vimehamia kwenye stashahada. Mageuzi hayo yana sababu zake za kielimu, lakini kwa mtafuta kazi maana yake ni kwamba kipandio cha kwanza cha ngazi kimeinuliwa, na asiyeweza kumudu muda na karo ya ziada hubaki chini akikitazama.

Namna masomo yanavyowapanga watu huonekana waziwazi katika safari ya jani la chai. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, akayapeleka kwenye kituo cha kununulia, ambako karani huyapima na kuziandika kilo. Majani yakifika kiwandani, kama vile Githongo na Kinoro upande wa Meru au Mungania na Rukuriri upande wa Embu, hunyaushwa, hukatwakatwa, huchachushwa, hukaushwa na kupangwa kwa madaraja. Mchumaji hahitaji cheti, ilhali karani anahitaji walau masomo ya sekondari. Fundi wa umeme au wa mitambo hutoka katika chuo cha kiufundi, afisa anayewashauri wakulima huwa amesomea kilimo, na mhasibu pamoja na meneja huhitaji sifa za juu zaidi. Jani ni lilelile, lakini mapato, usalama wa ajira na nafasi ya kupanda cheo hutofautiana kwa kila hatua. Jambo la kuzingatia ni kwamba kiwanda kimoja huhudumiwa na wachumaji wengi mno, lakini kina meneja mmoja tu.

Katika maeneo ya Igembe, upande wa Meru, miraa imeleta mtihani wa aina nyingine. Kijana anayepanda juu ya mti wa miraa na kuvuna vichipukizi, kisha kuvifunga kwa majani ya mgomba ili visinyauke, hupata fedha siku hiyohiyo, wakati masomo hudai miaka mingi kabla ya kulipa. Wanauchumi huyaita mapato anayoyaacha mwanafunzi kwa kukaa darasani gharama ya fursa iliyoachwa, na gharama hiyo ikiwa kubwa shule hupoteza watoto. Lakini soko la miraa hutegemea maamuzi ya serikali za mbali. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na Somalia ikazuia uingizaji wake kuanzia mwaka 2020 hadi mwaka 2022. Masomo basi yana faida isiyoonekana kwenye karatasi ya mshahara, nayo ni kumpa mtu pa kugeukia soko moja linapofungwa.

Hata kwa waliosoma, takwimu za kitaifa zinaonyesha ukubwa wa tatizo la kupata kazi. Katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu kusomea shahada. Mwaka huohuo uchumi wa Kenya ulizalisha ajira mpya zipatazo 782,300, lakini takriban 703,700 kati yake zilikuwa katika sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, biashara ndogondogo na kazi zisizo na mkataba. Ajira rasmi mpya zilikuwa kama 78,600 pekee. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini mwenye shahada huonekana akiuza nguo katika soko la Gakoromone mjini Meru, wala si haki kumwita mvivu.

Elimu ya juu sasa iko karibu na nyumbani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, huko Nchiru, kilipata hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu, kilichokua kutokana na chuo cha mafunzo ya kilimo, kikapata yake mwaka 2016. Pamoja na hayo, sheria ya mwaka 2014 iliweka Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kitaaluma, ambao hupanga vyeti katika viwango kumi, stashahada ikiwa cha 6, shahada cha 7 na uzamifu cha 10. Lengo lake ni kwamba fundi bomba au fundi wa kuchomelea vyuma aliyeanzia chini asifungiwe huko, bali ujuzi wake upimwe, utambuliwe na kumpeleka mbele.

Mfumo huo utakuwa na maana pale tu mzazi atakapoacha kukiona chuo cha kiufundi kuwa jalala la walioshindwa, na pale kaunti zitakapovutia viwanda vya kusindika maziwa, ndizi, viazi na makadamia vinavyohitaji wataalamu wa viwango vyote. Jani la chai limeshalipa karo ya watoto wengi wa Meru na Embu. Wanachostahili sasa ni kazi nyingi zaidi kati ya shamba na ofisi ya meneja.