Majengo ya Mwadui na Mwaka 1863

Sisi tukaao Binza na sehemu nyingine za Maswa, ambao kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012 tulikuwa mkoa mmoja wa Shinyanga pamoja na jirani zetu wa Mwadui, tumezoea kuutaja mgodi ule kwa almasi zake, wala aghalabu hatuzitaji nyumba zake. Na hali almasi zilikwisha kusafiri zikaenda kukaa katika mataji na vidole vya watu wa mbali, ilhali nyumba zimebaki hapa hapa, na mwenye kutaka kujua watu wa zama zile walivyoishi, nani alikaa karibu na nani, na kazi ilivyogawanywa, hana ushahidi ulio dhahiri kuliko kuta hizo.

Mji wenyewe asili yake ni mtu mmoja. John Williamson, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1907 na kusomea elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill, alitafuta almasi katika nchi ya Usukuma kwa miaka kadhaa, akiwa na fedha haba na afya dhaifu, hata mwaka 1940 akaigundua Mwadui, mahali ambapo mwamba wa kimbalaiti, ndio uliobeba almasi kutoka vilindi vya ardhi, umetokeza juu ukatanda kwenye eneo la hekta 146, nao ni miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya jinsi hiyo duniani. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake, na ilipokatwa na kusuguliwa ikabaki karati 23.6. Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukanunuliwa nusu kwa nusu na Serikali ya Tanganyika na kampuni ya De Beers. Katika kipindi kile kisichofika miongo miwili, pori lilikuwa limegeuka mji wenye hospitali, shule, umeme, maji ya bomba na kiwanja cha ndege.

Mji wa almasi haufanani na mji wa dhahabu. Dhahabu huja na soko, wachuuzi, mafundi na wapangaji, na nyumba hujengwa huku na huku kadiri ya faida. Bali almasi, kwa kuwa mali ya thamani kubwa yaweza kufichwa ndani ya kiatu au kinywani, hudai uzio, lango na kibali cha kuingia. Kwa hiyo Mwadui ulijengwa kwa amri ya bwana mmoja na kwa mpango mmoja, nyuma ya ua, ndipo mtaalamu anapoweza kuusoma mpango huo pasipo kutatizwa na nyongeza za wapitaji. Katika miji ya migodi ya zama za ukoloni, nchini mwetu na kwa jirani, kanuni ilikuwa moja: Wazungu mtaa wao, Wahindi mtaa wao, Waafrika mtaa wao, na daraja ya mtu ilijulikana kwa upana wa baraza yake, kwa wingi wa madirisha yake, kwa dari iliyowekwa au iliyokosekana chini ya bati, na kwa umbali baina ya kitanda chake na vumbi la mtambo. Sioni aibu yoyote katika kuihifadhi taswira hiyo. Naona aibu iko katika kuivunja kisha tukawaambia watoto kwamba haikuwapo.

Iko pia hikima ya ujenzi ambayo haina budi kuelezwa, kwa maana hiyo ndiyo inayoamua jengo lipi litasimama na lipi litaanguka. Wazee wa Usukuma waliupanga udongo kwa majina tangu kale: luseni, ule wa mchanga ulioko juu ya miinuko, itogolo na ibambasi, ile migumu ya miteremko, na mbuga, udongo mweusi wa mabondeni. Luseni hauna hila kwa mjenzi, illa mbuga ni adui wa ukuta, kwa sababu wakati wa masika hunywa maji ukafura, na kiangazi hukauka ukapasuka nyufa za kuzamisha mkono. Na nyumba iliyowekwa juu yake kwa msingi wa kina kifupi huinuliwa na kushushwa kila mwaka, mpaka pembe za madirisha zikaanza kufunguka kwa mshazari. Ufa wa namna hiyo hautibiki kwa plasta. Mtu akiupaka juu tu, mvua inayofuata humrudisha pale pale. Dawa yake ni kuyaondoa maji yasikae kando ya msingi, yaani kuzibua mifereji, kurudisha bati lililotoboka, na kuwekea sakafu ya saruji yenye mteremko pembeni mwa nyumba. Kazi hiyo si ya gharama kubwa, lakini yataka mtu wa kuifanya kila mwaka, na nyumba ya kampuni ambayo mpangaji wake amehama haina mtu wa namna hiyo.

Sasa niliseme lile linalonisumbua zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalikinga jengo moja kwa moja likiwa limejengwa kabla ya mwaka 1863; lililojengwa baadaye hukingwa iwapo Waziri atalitangaza katika Gazeti la Serikali. Mwaka huo unawafaa vema Kilwa, Kaole na miji yote ya pwani iliyojengwa kwa mawe na chokaa, ambayo magofu yake yamepita karne kadhaa. Lakini tuuchukue mwaka huo tuulete Usukuma. Mwaka 1863 watemi wetu walikaa katika nyumba za msonge, za miti, udongo na nyasi, nyumba nzuri zenye ubaridi, ambazo mchwa na mvua havikuziacha zifikie umri wa mjukuu. Hata leo, atakaye kuiona nyumba ya Msukuma wa kale hana budi kwenda Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, kuutazama mfano wake. Kwa hiyo sheria iliyokatwa kwa kipimo cha pwani haikuti bara jengo la kulikinga, na majengo yetu ya kwanza ya kudumu, yaani maboma ya Wajerumani, makanisa ya misheni, stesheni za reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, vinu vya pamba na miji ya migodi, yote yamezaliwa baada ya mwaka huo, kwa hivyo yanategemea mtu aombe na Waziri akubali.

Si ajabu kuomba na kukubaliwa. Mwaka 1995 majengo kadhaa ya Dar es Salaam yaliyosimama tangu utawala wa Wajerumani yalitangazwa chini ya sheria hiyo hiyo. Huko Norway mji mdogo wa Røros, uliochimba shaba tangu mwaka 1644, mgodi wake ulifungwa mwaka 1977, na miaka mitatu baadaye nyumba zake za mbao zikaandikishwa katika Urithi wa Dunia. Wenyeji wanakaa humo na wanapika humo, wala hapakuhitajika kuwafukuza ili nyumba zipate heshima. Kinyume chake ni Kilembe, Uganda, ambako mji wa shaba uliojengwa katika miaka ya 1950 ulibaki katika bonde la mto baada ya uchimbaji kukoma mwaka 1982, na mafuriko ya Mei 2013 yakaikumba hospitali yake pamoja na nyumba za watu.

Mwadui ungali unachimbwa, nao huo ndio wasaa mwema, kwa kuwa katika mji wenye kazi bado kuna mafundi wa kampuni, ramani ziko kabatini, na wastaafu wanakumbuka ni nyumba ipi ilikuwa ya nani. Sheria za madini za siku hizi zinawalazimu wenye migodi mikubwa kuandaa mpango wa kuufunga mgodi kabla haujafungwa, na mipango hiyo hushughulika na mashimo, mabwawa ya tope na miti ya kupandwa upya. Halmashauri ya Kishapu, wilaya uliomo Mwadui, na Idara ya Mambo ya Kale wangeweza kudai kwamba ndani yake iwemo orodha ya majengo pamoja na picha, vipimo, mwaka wa kujengwa na jina la atakayeyatunza, na kwamba orodha hiyo ipelekwe kwa Waziri sasa, maadamu wa kuyaeleza wangali hai.