Joto Hupitaje katika Vyombo vya Maziwa?



Mwanachama ambaye maziwa yake ya jioni yamekataliwa asubuhi kwa kuchachuka hurudi nyumbani na hasara. Fedha hakupata, na majani na pumba alizomlisha ng'ombe zimekwisha. Mara nyingi lawama huangukia ng'ombe au karani wa mapokezi, kumbe kosa ni la joto lililokosa njia ya kutoka.

Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la nyuzi 38 hivi za Sentigredi. Katika joto hilo vijidudu vya kuchachusha huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa nusu saa au pungufu. Yakipozwa hadi nyuzi 4, vijidudu hivyo huongezeka polepole sana. Basi, baada ya kukamua kwa usafi na kuchuja, kazi ya kwanza ni kuyaondolea maziwa joto upesi.

Joto husafiri kutoka penye joto jingi kwenda penye joto dogo. Ndani ya kitu kigumu, chembe zilizopata joto hutikisika kwa nguvu na kuzitikisa jirani zake, nazo huzitikisa za mbele yao, bila ya chembe yoyote kuhama mahali pake. Huu ndio mpitisho wa joto. Mfaransa Joseph Fourier alieleza kanuni yake kwa hesabu katika kitabu alichochapisha mwaka 1822. Joto linalopita katika ukuta wa chombo hutegemea mambo manne: aina ya kitu, ukubwa wa eneo, unene wa ukuta, na tofauti ya joto baina ya pande zake mbili.

Vitu havilingani katika kupitisha joto. Tia kijiko cha chuma na cha mti katika chai ya moto: mpini wa chuma utakuchoma vidole, wa mti hautakuchoma. Alumini hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko plastiki ya madumu. Maji nayo hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia.

Kutokana na hayo twapata mafunzo ya kufuata nyumbani na chamani.

Kwanza, tumia keni ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, wala si dumu la plastiki. Pili, isimamishe keni katika maji baridi, wala usiiache hewani tu. Maji ya nje yafikie kimo cha maziwa ya ndani, ili eneo lote litumike. Tatu, koroga maziwa kwa kikorogeo safi, kwani yaliyo katikati huchelewa kupoa. Nne, maji yakipata uvuguvugu yabadilishe, maana tofauti ya joto ikipungua, mpitisho nao hupungua. Lakini tukumbuke kwamba maji ya nyuzi 18 hayawezi kuyafikisha maziwa nyuzi 4. Huyapa muda tu, na ni lazima yafike mapema kwenye tangi la kupozea.

Tano, na hapa ndipo wengi hukosea: blanketi au sanduku la majani makavu halina baridi wala joto lake lenyewe. Hewa iliyonaswa ndani yake huzuia joto kupita, liwe linaingia au linatoka. Mwenye kufunika maziwa ya moto ili kuyakinga na jua huyafungia joto ndani, na vijidudu hustawi. Yapozwe kwanza, ndipo yafunikwe kwa safari. Hapo kifuniko hicho hicho kitalizuia joto la njiani lisiingie.

Makatibu nao wana wajibu. Kila chama kiwe na kipimajoto mapokezini, na karani aandike daftarini saa ya kupokea na nyuzi za joto za kila keni. Keni moja iliyochachuka ikimiminwa tangini huharibu maziwa ya wenzake wote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama ambaye keni zake hufika na joto kila mara asikaripiwe. Atembelewe nyumbani, aonyeshwe namna ya kuweka keni majini. Akiba ya kila mmoja imo katika tangi la wote.