Dawa ya kuyeyusha damu: Abbott ilivyoponyokwa na soko

MFANYABIASHARA mwenye bidhaa inayopendwa kuliko zote hujiona salama. Yaliyoikuta kampuni ya Abbott ya Marekani yanaonyesha kuwa barua moja ya serikali yatosha kuliondoa tumaini hilo.

Damu ikiganda ghafla na kuziba mshipa mkubwa wa mguu, mguu hupoa, hufa ganzi na, usipotibiwa ndani ya saa chache, huenda ukakatwa. Dawa yake ni kisu, ama kupenyeza mrija mwembamba hadi kwenye bonge la damu na kudondosha dawa ya kuliyeyusha, pengine kwa zaidi ya siku nzima.

Katika miaka ya 1990 madaktari wengi wa Marekani walitumia urokinesi, ambayo Abbott iliiuza kwa jina la Abbokinase. Utafiti wa TOPAS, uliochapishwa mwaka 1998, ulilinganisha urokinesi ya maabara na upasuaji kwa wagonjwa 544. Baada ya miezi sita, asilimia 71.8 ya waliopewa dawa walikuwa hai bila kukatwa mguu. Kwa waliopasuliwa ilikuwa 74.8. Baadhi waliepuka kisu kabisa. Hata hivyo, asilimia 12.5 ya waliopewa dawa walivuja damu vibaya, dhidi ya 5.5 ya waliopasuliwa.

Tatizo la Abbott lilikuwa kwenye malighafi. Abbokinase ilitokana na seli za figo za watoto wachanga waliofariki, zilizokusanywa Cali, Colombia. Januari 1999 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya madaktari kuwa watoto hao na mama zao hawakupimwa magonjwa ya kuambukiza ipasavyo, na kwamba utengenezaji nao ulikuwa na kasoro. Dawa ikasimama kusambazwa.

Mguu haungoji. Madaktari walihamia dawa nyingine, hasa alteplesi ya Genentech, iliyokuwa sokoni tangu mwaka 1987 kwa wagonjwa wa moyo.

Abbokinase iliruhusiwa tena Oktoba 2002, kwa damu iliyoganda mapafuni. Kwa takriban miaka minne, wateja walikuwa wamezoea duka jingine. Mwaka 2006 Abbott iliiuza kwa kampuni ndogo ya ImaRx.

Mwekezaji anayesoma hesabu za faida peke yake asingeiona hatari hii. Aulize pia malighafi inatoka wapi, na nani anaikagua. Mali bila daftari huisha bila habari.