Chura wa Milima ya Taita na Mgeni Mwenye Kamera

Mkulima akaaye karibu na msitu wa Ngangao au Mbololo, katika Milima ya Taita, huenda siku moja akaombwa na mgeni amwongoze usiku kumtafuta chura ili ampige picha. Asicheke. Chura huyo hapatikani mahali pengine popote duniani. Wataalamu walimpa jina Callulina dawida mwaka 2009. Dawida ndilo jina la wenyeji kwa milima yao.

Ni mdogo, ngozi yake ina vinundu, na rangi yake ni kama ya majani yaliyooza. Usimtafute kisimani wala mtoni, maana hana viluwiluwi. Mayai yake hutagwa nchi kavu penye unyevu, na vyura wadogo hutoka humo wakiwa kamili. Kwa hiyo ahitaji kivuli, magogo na majani yaliyoanguka. Msitu wa asili umebaki vipande vipande katikati ya mashamba, naye hawezi kuvuka shamba lenye jua kali ili ahamie kipande cha pili. Watu hudhani kwamba mti ni mti tu, lakini chura huyu hapendi shamba la misonobari au mikaratusi.

Kwanza pata ruhusa kwa afisa wa misitu. Nendeni wakati wa mvua, jua likisha kutua, na mwende polepole mkimulika vichaka vifupi na mashina, maana usiku hupanda kidogo kutoka chini. Mchana hujificha chini ya magogo. Ukiinua gogo, shika ukingo wa mbali uuvute kwako, ili gogo liwe kinga kati ya miguu yako na nyoka. Kisha lirudishe vile vile lilivyokuwa. Gogo likiachwa limepinduliwa, unyevu hukauka, na mayai yaliyo chini yake hufa.

Chura usimshike. Ngozi yake hunywa kila kitu, na mkono uliopulizia dawa kwenye nyanya asubuhi waweza kumdhuru usiku. Picha tatu zatosha: moja toka juu, moja toka ubavuni, na moja ionyeshayo ncha za vidole, kwa kuwa ni kwa vidole wataalamu huweza kumtofautisha na wengine. Hata simu ya mkononi yafaa, ukiituliza juu ya jiwe. Usimmulike usoni kwa muda mrefu.

Tena, viatu vioshwe matope na vikauke kabla ya kutoka msitu huu kuingia msitu ule. Kuna ugonjwa wa ngozi uletwao na kuvu ambao umeua vyura katika nchi nyingi, nao huchukuliwa kwa matope na maji.

Mwandike tarehe, saa na jina la msitu. Picha yenye maneno hayo ipelekwe Makumbusho ya Taifa, Nairobi, katika idara ishughulikayo na vyura na nyoka. Mgeni akikuomba umwuzie chura, mkatalie.