Kete 64 na Kompyuta Moja: Bao la Mtwara Ndani ya Simu

Mchezo wowote wa simu, uwe wa mpira, wa magari au wa kupanga vitufe vya rangi, husimama juu ya kanuni. Kijana wa Ufukoni, Mtwara, mwenye kompyuta moja ya mkononi na wenzake wawili wanaojua kuchora, hawezi kushindana na makampuni makubwa kwa uzuri wa picha. Makampuni hayo yana mamia ya wachoraji. Lakini kwenye kanuni anaweza kukaa nayo meza moja, na pwani yetu, kutoka mabaraza ya Mikindani hadi Msimbati, ina hazina ya kanuni ambayo watengenezaji wengi wa michezo duniani hawajawahi kuigusa: bao la kiswahili.

Kazi ya watu wachache si ndoto. Mmarekani Eric Barone aliandika programu, akachora na kutunga muziki wa mchezo wa kilimo uitwao Stardew Valley akiwa peke yake, kwa zaidi ya miaka minne, hadi ulipotoka mwaka 2016 na kupendwa dunia nzima. Karibu na kwetu, Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati ambapo michezo ya pande tatu iliyotengenezwa Afrika ilikuwa ya kuhesabika. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio ya Leti Arts. Njia ipo, imeshakanyagwa.

Sasa tuliangalie bao kwa jicho la mtengeneza programu. Ubao una mistari minne ya mashimo manane manane, jumla mashimo 32, na kete ni 64. Kete za jadi ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe unaoota hukuhuku pwani, ambazo kwa kushikwashikwa na mikono ya miaka mingi huwa laini na kung'aa. Mwanzoni kila mchezaji huwa na kete 10 tu ubaoni: 6 kwenye nyumba, yaani shimo lake maalumu la mstari wa mbele, na 2 katika kila shimo la mawili yanayofuata. Nyingine 22 zinabaki mkononi, naye huziingiza moja moja wakati wa namua. Zikiisha, mchezo unaingia kwenye mtaji, na hapo huchezwa kwa kete zilizoko ubaoni pekee.

Hali nzima ya ubao, basi, ni orodha ya namba 32, pamoja na kumbukumbu ya kete zilizobaki mkononi na zamu ya nani. Ni kitu kidogo mno. Ukiandika kila shimo kwa herufi moja unapata herufi 32, na ujumbe mfupi wa simu hubeba 160. Maana yake mchezaji aliyeko Msimbati anaweza kupambana na mwenzake aliyeko Newala hata intaneti ikisuasua, kila zamu ikisafiri kama ujumbe wa kawaida. Studio inayowalenga watu wanaonunua bando kwa kubana matumizi inapaswa kuanzia hapo, si kwenye video za kufungulia mchezo zinazokula megabaiti mia mbili.

Udogo huo wa kuandikika haumaanishi wepesi. Njia za kuzigawa kete 64 katika mashimo 32 zinakaribia 1 ikifuatwa na sifuri 25. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam, walikokotoa mchezo wa awari wa Afrika Magharibi, ndugu wa mbali wa bao wenye mashimo 12, kwa kupitia hali zake zote 889,063,398,406. Walithibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Idadi ya mipangilio ya kete za bao inaipita hiyo mara zaidi ya trilioni kumi. Hakuna kompyuta ya kuipitia yote, na programu ya bao hulazimika kufanya anachofanya mzee barazani: kutazama zamu chache mbele na kukisia zilizobaki.

Kutazama mbele kuna gharama. Tuseme kila zamu ina chaguo tano. Zamu tano mbele ni njia 3,125, na zamu kumi mbele ni 9,765,625. Simu ya bei nafuu itapata joto na chaji itakwisha kabla mchezaji hajashusha kete. Wengi hutatua hili kwa kupunguza kina cha kutazama mbele, kisha hicho kina kifupi wanakiita kiwango rahisi. Mimi naona hapo wanakosea, kwa sababu mashine ya namna hiyo hula kete za mpinzani vizuri zamu hii halafu ikajitia mtegoni zamu ijayo, jambo ambalo mwanafunzi wa bao hafanyi. Anayejifunza hukosea kwa mtindo wake: huikumbatia nyumba yake, huogopa kuiacha isafiri, yaani kuzipanda kete zake, hula kila kinacholika. Mpinzani dhaifu wa kwenye simu atengenezwe kwa tabia hizo, na tabia hizo hazipatikani mpaka ukae ubavuni mwa wachezaji na kutazama.

Kuna tatizo jingine, nalo ndilo linalonivutia kuliko yote. Katika kutakata unachota kete za shimo, unazipanda moja moja, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unachota tena na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, unalala, yaani zamu yako imekwisha. Lakini je, usipolala kamwe? Mwaka 2006 watafiti Kronenburg, Donkers na de Voogt walichapisha makala kuhusu hili: katika bao kuna mitakato isiyo na mwisho, kete zikizunguka milele upande wa mchezaji mmoja. Barazani mkono huchoka na watu huamua. Simu haichoki. Itaganda kwenye zamu hiyo mpaka mchezaji aizime kwa hasira na kuufuta mchezo.

Dawa yake ni nzuri kwa urahisi wake. Programu inatengeneza nakala mbili za ubao kimyakimya. Nakala ya kwanza inasogezwa hatua moja kila mara, ya pili hatua mbili. Kama mtakato una mwisho, nakala ya pili itaufikia na kusimama. Kama unazunguka, ya pili itaikuta ya kwanza, mashimo yote 32 yakiwa sawasawa na mkono ukiwa shimo lilelile, na programu itajua kwamba hapa hakuna kulala. Haihitaji kumbukumbu kubwa wala mtandao. Kijana wa kidato cha nne aliyejifunza kuandika programu kwa mwaka mmoja anaweza kuikamilisha.

Baada ya hapo huanza kazi ya usanifu, isiyo na jibu la hesabu. Kete ishuke kwa kasi gani kwenye kioo? Ukiipa kila moja sehemu ya tano ya sekunde, mtakato wa kete 60 utachukua sekunde 12, na mpinzani anasubiri. Ukiharakisha sana, jicho halifuati, na utamu wa kuona kete zikipita unapotea. Na je, simu imwonyeshe mchezaji kete yake ya mwisho itaangukia wapi? Nasema hapana. Alex de Voogt, aliyetafiti mabingwa wa bao Zanzibar na kuandika tasnifu juu yao mwaka 1995, alishughulika hasa na uwezo wa akili wa kupiga hesabu hizo bila kugusa kete. Simu ikimpigia mchezaji hesabu, imemnyang'anya mchezo wenyewe.

Maswali ya aina hiyo hujibiwa kwa kumpa mtu simu, kunyamaza na kumwangalia. Umuhimu wa programu kueleweka bila maelezo ulionekana Tanga katika shindano la Global Learning XPRIZE, ambapo programu za kujifunzia Kiswahili na hesabu ziliwekwa kwenye tableti za watoto katika vijiji 170. Kabla ya hapo zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili; baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya onebillion na Kitkit School, programu ya kampuni ya Enuma iliyoanzishwa na watu waliotoka kwenye utengenezaji wa michezo. Hakukuwa na mwalimu wa kueleza kitufe cha kubonyeza. Kanuni ilibidi ijieleze yenyewe mbele ya mtoto aliyeshika tableti kwa mara ya kwanza.

Kwa studio ya Mtwara, kazi ya kwanza haihitaji hata umeme: daftari, na ruhusa ya wazee kukaa barazani. Waandike kanuni kama zinavyochezwa Mikindani, Msanga Mkuu na Kilambo, kwa maana bao hubadilika kidogo kutoka mji hadi mji, na ng'ambo ya Ruvuma, kuelekea Msumbiji na Malawi, lina ndugu zake. Waulize nyumba inalala lini na inasafiri lini. Waulize takasia, yaani kumfungia mpinzani shimo lake, inachezwaje. Na waulize, mtakato ukizunguka bila kulala, zamu ni ya nani.