Viwanja vya Mpira vya Glasgow na Ngazi za Ibrox

Vilabu vikubwa vya Nairobi, kama Gor Mahia na AFC Leopards, kwa miaka mingi vimecheza katika viwanja vya umma. Katika Glasgow, mji wa Uskoti uliosifika zamani kwa kuunda meli, desturi ni nyingine. Huko kilabu kikubwa huwa na kiwanja chake chenyewe, nacho ndicho hutunza kuta, milango na ngazi zake. Jambo hilo ni la fahari, lakini mzigo wake ni mzito.

Kilabu cha Queen's Park, kilichoanzishwa mwaka 1867, ndicho cha zamani kuliko vyote katika Uskoti. Ingawa wachezaji wake hawakulipwa mshahara mpaka mwaka 2019, ndicho kilichojenga kiwanja cha Hampden, kilichofunguliwa mwaka 1903. Rangers wamo Ibrox tangu 1899. Celtic, ambacho mtawa mmoja kutoka Ireland alikianzisha mwaka 1887 ili kupata fedha za kuwalisha watoto maskini, kimo Celtic Park tangu 1892.

Mwaka 1937 watu 149,415 walihesabiwa Hampden, Uskoti ilipocheza na Uingereza. Watu wengi hivyo walienea kwa sababu karibu wote walisimama. Kandokando ya kiwanja palikuwa na kilima cha udongo kilichokatwa vidaraja, na hapa na pale vyuma vya kuzuia msukumo. Ujenzi huo ulikuwa rahisi, na mtu aliyesimama huchukua nafasi ndogo kuliko aliyeketi.

Lakini Ibrox ilipojengwa, sehemu moja ya vidaraja haikuwekwa juu ya udongo, bali juu ya mbao zilizoshikwa na nguzo za chuma. Tarehe 5 Aprili 1902, siku ya mechi ya Uskoti na Uingereza, mbao hizo zilivunjika chini ya miguu ya watazamaji. Shimo kubwa likafunguka, watu wakaanguka kiasi cha futi 40, na 25 wakafa. Baada ya hapo vidaraja vya mbao vya namna hiyo viliachwa. Ajabu ni kwamba Archibald Leitch, mhandisi aliyechora ramani ya Ibrox, hakupoteza kazi yake. Alizidi kuitwa, hata akajenga viwanja vingi vya Uingereza na Uskoti.

Udongo haukuvunjika tena, lakini hatari ilikuwa imehamia mahali pengine. Ibrox ilikuwa na ngazi ndefu yenye mteremko mkali, iliyoitwa Ngazi ya 13, nayo ilikuwa na ua mrefu wa mbao kila upande. Mwaka 1961 watu 2 walikufa hapo, na wengine wakaumia katika miaka iliyofuata. Tarehe 2 Januari 1971, mechi ya Rangers na Celtic ilipokwisha, watu walikuwa wakishuka wamebanana bega kwa bega. Wachache walianguka. Waliokuwa nyuma hawakuweza kuwaona, wala hawakuweza kusimama, kwa kuwa nao walisukumwa na walio nyuma yao. Na ua uliwazuia kutoka kando. Vyuma vya kushikilia vilipinda. Watu 66 walikufa, miongoni mwao vijana 5 wa kijiji kimoja, Markinch.

Sheria ya mwaka 1975 ilileta mambo mapya: kiwanja kikubwa hakina budi kupata hati kutoka kwa wakuu wa serikali ya mahali, nao hukagua ngazi na milango na kuweka idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia. Kati ya 1978 na 1981 Rangers walibomoa pande tatu za Ibrox wakajenga upya kwa viti. Celtic nao walijenga upya katika miaka ya 1990. Sasa Celtic Park huchukua watu 60,000 hivi, na Ibrox na Hampden 50,000 na kitu. Hampden yenyewe ilinunuliwa na Chama cha Mpira cha Uskoti mwaka 2020.

Hata hivyo, wako wapenzi wa mpira wasiotaka kuketi. Mwaka 2016 Celtic waliwatengea mahali pa kusimama watu karibu 3,000, na mbele ya kila safu pana chuma kirefu, ili aliye nyuma asimwangukie aliye mbele.